Ripota Aliyerudi Kuhesabu

Barabara ya kutoka Kapsoit kwenda Sondu huanza katikati ya majani chai na kuishia karibu na mto, kwenye joto na kelele za soko. Kiptere iko katika nchi ya katikati. Huku juu kuna chai ya wakulima wadogo, vipande vya ekari moja au mbili vilivyopakana na mikaratusi. Huko chini, kuelekea Soin, mahindi na miwa huanza kutawala. Magari ya wakubwa hupita hapa bila kusimama. Kwa hivyo mtu anayesimama mahali pamoja kwa muda mrefu, bila kuuza kitu na bila kungoja matatu, huonekana upesi.

Ripota ninayetaka kumsifu alikuwa mtu wa kusimama namna hiyo. Sitamtaja jina. Hata magazeti yenyewe mara nyingi hayakumtaja: habari zake zilitoka chini ya maneno "Na Mwandishi Wetu", nasi tuliosoma tulijua ni yeye kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeandika jina la kijito chetu bila kukosea herufi. Alikuwa mwandishi wa mashinani, wa kulipwa kwa kila habari iliyochapishwa na kwa urefu wake ukurasani. Isipochapishwa, nauli imempotea. Alikuwa na ng'ombe wawili na chai kidogo, na naamini ng'ombe hao waliyafadhili magazeti ya Nairobi kwa kiasi ambacho wenye magazeti hawakuwahi kukijua.

Nilimtazama akifanya kazi nje ya zahanati moja ya upande wetu. Nje, maana ndani aliingia mwisho. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, akina mama wamejaa kwenye mabenchi na wengine wameketi kwenye nyasi. Yeye aliegemea ua, akaamkua watu kwa Kikipsigis, akauliza habari za mvua, za mafahali, za bonasi ya chai ya mwaka ule ambayo kila mtu alikuwa na neno la kusema juu yake. Daftari lilikuwa mfukoni na halikutoka. Mama alipotoka na mtoto mgongoni, hakumuuliza kama dawa zipo. Alimuuliza, "Umepewa nini, mama?"

Swali hilo nimelifikiria mara nyingi. Ukimuuliza mtu kama dawa zipo, atakujibu kwa hasira yake au kwa hofu yake. Atasema hakuna kitu hapa, au atasema kila kitu ni sawa, kulingana na anavyokuona. Lakini ukimuuliza amepewa nini, atafungua mkono. Mama yule aliufungua: vidonge vichache vya kutuliza homa ndani ya kibahasha cha karatasi, na kipande kingine cha karatasi chenye majina ya dawa za kwenda kununua. Ripota aliomba kukiona, akakisoma polepole, akamrudishia kwa mikono miwili. "Utainunua wapi?" Mama akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Basi naye akavuka barabara. Yeye na mwenye duka la dawa walikuwa wakifahamiana, na mazungumzo yalianza na mambo ya kanisani. Baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu asiye na haja, akauliza ni dawa gani iliyonunuliwa sana wiki ile. Mfanyabiashara husahau deni lake, lakini kilichomwishia dukani hakisahau. Alitaja dawa ya maji ya watoto, ile ya kifua, kwamba aliagiza ikaisha, akaagiza tena ikaisha. Kutoka hapo ripota alikwenda kwa vijana wa boda boda chini ya mti na kuwauliza ni wagonjwa wangapi waliowapeleka Kericho au Kapkatet usiku. Mashahidi wa aina tatu, hakuna aliyemsikia mwenzake, na hakuna aliyejiona kuwa anamshtaki mtu.

Ndipo akaingia ndani. Alibisha hodi, akavua kofia, akamwambia muuguzi yeye ni nani na anaandikia nani. Akaomba kuona kadi za stoo, zile zinazoandikwa dawa iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Hapo ndipo niliona jambo ambalo waandishi wengi hawalijui hadi wanastaafu. Muuguzi yule, ambaye sisi wote tulikuwa tumekwisha kumhukumu pale nje kwenye nyasi, alikuwa ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Alifungua kabati mwenyewe. Alikuwa ameagiza; nakala ya agizo ilikuwapo, na tarehe yake. Kilicholetwa kilikuwa sehemu tu ya alichoomba. Ripota angeweza kuandika siku ileile kwamba zahanati imewanyima watoto dawa, na watu wangeshangilia. Hakuandika. Aliondoka na maswali yanayopanda ngazi: nani alipokea agizo, nani alilipunguza, lori lilitoka na nini, mamlaka ya serikali inayosambaza dawa ililipwa fedha zake lini.

Na wiki iliyofuata alirudi. Kurudi ndiko kulikomtofautisha na wenzake wengi, na ndiyo sehemu ya kazi isiyolipwa hata senti. Alisema dawa huisha hata mahali panapoendeshwa vizuri. Kinachostahili kuandikwa ni pale zinapoisha na kukaa zimeisha. Hilo huwezi kulijua kwa kufika mara moja. Habari aliitunza kama mama wa Kipsigis anavyotunza kibuyu cha mursik: hakuimimina kabla ya siku zake.

Shuleni alikuwa na hesabu nyingine. Mwongozo wa Wizara ya Elimu unataka tundu moja la choo kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Alikuwa nazo kichwani nambari hizo, na alifika shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, kengele inapolia na watoto kumiminika nje. Milango ya vyoo hakuihesabu, maana mlango waweza kuwa umepigiliwa misumari tangu muhula uliopita. Alihesabu milango iliyofunguka. Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu kuuliza idadi ya wanafunzi, akagawanya pembezoni mwa daftari, na hapo tayari alikuwa na habari ambayo hakuna afisa angeweza kuikana kwa kusema "tunalishughulikia".

Vivyo hivyo fedha. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilipanga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 1,420. Wazazi wetu walisikia neno "bure" wakaridhika. Yeye alizidisha. Ukijua idadi ya watoto unajua jumla inayopaswa kufika, na ukijua jumla unaweza kumuuliza mwalimu mkuu, kwa heshima, ni kiasi gani kimefika na tarehe gani. Walimu wakuu wengi walimpenda kwa sababu hiyo. Fedha zilipochelewa wao ndio waliochukua chaki na vitabu kwa mkopo dukani na kukwepa njia ya dukani jioni. Alikuwa mtu pekee aliyeandika kwamba deni hilo ni la Nairobi.

Thamani ya kuzidisha namna hiyo ilipimwa na majirani zetu. Nchini Uganda, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotengewa wanafunzi. Iliyobaki iliishia njiani, mikononi mwa maafisa na wanasiasa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni kilichopokelewa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wataalamu wengine wamebisha kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea, nami nakubali. Lakini katika utafiti ule kuna jambo dogo ninalolipenda: shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa zilipata nafuu zaidi ya zile za mbali. Kwetu gazeti lilifika na matatu ya mchana, nakala chache, na moja lililokuwa hotelini lilisomwa mpaka kurasa zikalegea. Mwizi wa fedha za shule hakuwa na njia ya kujua ni wangapi waliolisoma.

Kabla ya simu za mkononi, habari ya Kiptere ilisafiri kwa shida. Aliiandika kwa kalamu, akaitia kwenye bahasha, akampa dereva wa matatu ya Kericho, nayo ikaendelea na basi la usiku. Ikiwa ya haraka alipanga foleni posta na kuisoma kwa simu, neno kwa neno, nukta na mkato, kwa mtu wa chumba cha habari aliyekuwa akipiga chapa upande wa pili. Tarakimu alizisoma mara mbili. Sidhani shida hiyo ilikuwa jambo zuri. Ilimchosha na ilimla fedha. Lakini mtu anayejua atalazimika kuitamka kila nambari kwa sauti, watu wakiwa nyuma yake kwenye foleni wanasikiliza, hana budi kuwa na uhakika nayo.

Hakuwa wa kwanza. Gazeti la Baraza, la Kiswahili, la kila wiki, liliishi kuanzia 1939 hadi 1979, na barua za wasomaji kutoka vijijini zilikuwa miongoni mwa vilivyolipa uhai. Taifa Leo ikaja 1960. Shirika la Habari la Kenya lilianza na uhuru, likaweka maafisa wa habari wilayani, watu waliojua kila njia ya kijijini. Tatizo ni kwamba afisa wa serikali aliweza kuandika mradi ulipoanza. Ulipokwama alikuwa na familia ya kufikiria. Redio za Kikalenjin, Kass FM mwaka 2005 na nyingine za wakati huohuo, zilileta sauti ya bibi wa Kiptere hewani kwa lugha yake, jambo ambalo magazeti hayakuweza. Historia yenyewe ni ndefu na ina mashimo; niliyoyataja yanatosha.

Kilichobadilisha kila kitu ni Katiba ya 2010. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, na sehemu kubwa ya barabara za vijijini ziliingia mikononi mwa serikali za kaunti 47. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeamua kama Kiptere ipate dawa aliketi Kericho mjini, safari ya asubuhi moja. Ungedhani huo ungekuwa msimu wa mavuno kwa maripota wa mashinani. Ofisi imesogezwa karibu, bajeti inasomwa karibu, mwakilishi wadi anaishi ng'ambo ya shamba lako. Kumbe ni wakati huohuo ambapo mashirika makubwa ya habari yalianza kupunguza wafanyakazi, awamu baada ya awamu, na kufunga ofisi zao za mikoani. Fedha zikateremka kuja kwetu, waandishi wakapanda kwenda Nairobi. Mara nyingine mimi hudhani kwamba hakuna mwizi angeweza kupanga vizuri zaidi.

Ugatuzi pia ulizidisha elimu anayohitaji ripota. Barabara ikiharibika, je, ni ya mamlaka ya barabara kuu (KeNHA), ya mamlaka ya barabara za vijijini (KeRRA) au ya kaunti? Shule ya msingi ni ya Nairobi na walimu wake ni wa tume ya walimu (TSC). Chekechea iliyo ndani ya ua uleule ni ya kaunti. Kila ofisi ina mwenzake wa kumtupia lawama, na raia huzungushwa mpaka achoke. Yule ripota, mzee wetu, alikuwa na ramani hiyo kichwani. Aliposimama penye shimo barabarani, kabla ya kupima kina chake, aliuliza shimo hili ni la nani.

Kuna jambo moja juu ya kazi hii ambalo mwandishi wa Nairobi halipati, na sijui nimwonee huruma au nimwonee wivu. Mwandishi wa mjini huandika juu ya mtu kisha asionane naye tena. Ripota wa Kiptere huandika juu ya mtu, na Jumapili wako kanisa moja. Mbele ya mizani ya kituo cha chai wako foleni moja, na kwenye mchango wa matanga wanapokezana kipaza sauti. Hilo lilimfanya awe mwangalifu mno na ukweli, kwa sababu uongo angeulizwa ana kwa ana. Lilimfanya pia amwite kila mtu anayemtaja, ampe nafasi ya kujibu, na kuliweka jibu lake juu, mahali msomaji atalikuta kabla ya kuchoka. Niliwahi kumwona afisa aliyeandikwa vibaya akimnunulia kikombe cha chai. Chai ya kikombe aliinywa. Ile nyingine ya bahasha aliikataa maisha yake yote, na walioijaribu walinyamaza.

Lakini ujirani huo una upande wake wa giza, na katika nchi yetu hii ya mpakani tunaujua. Francis Nyaruri alikuwa mwandishi wa Nyamira, aliyeliandikia gazeti la Weekly Citizen kwa jina la Mong'are Mokua. Aliandika juu ya madai ya ufisadi katika ujenzi wa nyumba za polisi. Nyumba za polisi, zingatia: mabati, saruji, mkandarasi, vitu ambavyo mtu yeyote apitaye njiani angeweza kuviona. Januari 2009 alitoweka, na majuma mawili baadaye mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, umekatwa kichwa. Kutoka soko la Sondu hadi msitu ule si mbali. Na Aprili 2015 huko Eldoret aliuawa John Kituyi, mhariri wa Mirror Weekly, gazeti dogo la mjini humo. Tunapozungumza juu ya ujasiri wa wanahabari huwa tunawafikiria wale wa vita na wa ikulu. Mimi humfikiria mtu anayeuliza bei ya bati katika wilaya ambako kila mtu anaijua nyumba yake na anajua saa anazotoka.

Mzee hakuacha kuuliza baada ya 2009. Aliacha tu kutembea usiku.

Kuhusu ajali za barabarani, jambo jingine ambalo ripota wa mahali huliona mapema, sitasema mengi, kwa kuwa habari za magari huku kwetu huandikwa na vifo. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi la abiria lilianguka Fort Ternan alfajiri, likaua watu zaidi ya 50. Polisi walisema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia katika makutano ya Londiani likavamia matatu, boda boda na wauzaji wa kando ya barabara, wakafa watu 52. Siku zote mbili kamera zilijaa Kericho, viongozi wakaja na suti nyeusi. Kibali, hata hivyo, ni karatasi. Mteremko wenye historia ya ajali unajulikana na kila makanga, na vibanda vilivyo karibu mno na lami huonekana kila siku. Hivi ni vitu ambavyo ripota wa mahali huweza kuviandika Jumanne moja ya kawaida, watu wote wakiwa hai, na habari ya Jumanne kama hiyo haina mhariri anayeitaka.

Lililonichoma zaidi lilikuja Februari 2023. BBC ilionyesha uchunguzi wake katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, mashamba yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao, na mwandishi wa kike aliingia kwa siri akitafuta kibarua ili kuyanasa kwa kamera. Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi. Ilikuwa kazi safi, ya hatari, na naisifu bila kusitasita. Ila wanawake wale walikuwa dada zetu, na mambo yale yalinong'onwa kwenye kambi za wachumaji kwa miaka. Mbona yalingoja London? Jibu si kwamba hapakuwa na waandishi wenye moyo. Ripota wa kulipwa kwa habari moja hana wakili, hana mhariri wa kumlinda miezi sita akichunguza, na huenda shemeji yake anaishi katika nyumba ya kampuni. Uchunguzi kama ule hugharimu fedha, na sisi wenyewe, wasomaji, tulikwisha kuzoea kulisoma gazeti la mwenzetu hotelini. Mwaka uliofuata Africa Uncensored, ya Wakenya, ilifichua mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima katika mpango wa ruzuku, na hapo nilipata faraja kidogo: angalau kuna wanaobeba mbolea kwenda kuipima maabara kabla ya kusema neno.

Siku hizi habari za kaunti hunifikia kwa simu. Zinatoka kwenye kikundi cha WhatsApp ambamo maafisa wa mawasiliano hutuma taarifa iliyokwisha andikwa, pamoja na picha: utepe, mkasi, kofia ngumu, kiongozi ameinama kidogo juu ya jiwe la msingi. Jioni nazikuta zimetoka katika sehemu tatu tofauti, kwa maneno yaleyale, na kosa lilelile la tahajia limebaki mahali pake. Kituo cha afya kimezinduliwa. Je, kina maji? Umeme? Mkunga wa usiku? Aliyeandika hakufika, na aliyefika alirudi na gari la kaunti lililompeleka, akiwa na kile wanachokiita nauli.

Na kuna vijana wa video. Siwadharau. Kijana mwenye simu akipiga picha daraja lililobebwa na maji, kufikia jioni nchi nzima imeliona, na wakati mwingine tingatinga hufika kesho yake; mzee alingoja majuma kwa jambo kama hilo. Lakini nilikuwa naye siku moja alipoonyeshwa video ya namna hiyo. Aliitazama, akaomba irudiwe, kisha akauliza ilipigwa lini, na ng'ambo ile isiyoonekana kuna nini. Kijana hakujua. Ilikuwa imetumwa tu. Mwezi mmoja baadaye hakuna aliyeuliza kama daraja lilijengwa, maana hapakuwa na aliyekuwa na kazi ya kuuliza. Hasira tunayo ya kutosha, kila mtu anabeba yake mfukoni. Kilichopungua ni mtu wa kurudi pale baada ya hasira kupoa.

Ajabu ni kwamba malighafi ya kazi hii haijawahi kuwa nyingi kama sasa. Mkaguzi Mkuu wa Serikali anatakiwa na Katiba kukagua hesabu za kila kaunti katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na ripoti zake ziko wazi kwa yeyote. Ukizisoma utakuta miradi iliyolipiwa ikiwa haijakamilika, mikataba iliyokwisha muda wake, majengo yaliyokamilika yakakaa bila kutumika. Wakaguzi hufika, hutazama, huandika mstari mmoja mkavu na kuondoka. Kila mstari ungestahili mtu wa kusimama pale nje ya lango asubuhi nzima. Magazeti hutoa jumla, mabilioni, siku moja, na jumla hiyo haina jina la kijiji.

Tena kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, iliyozaliwa na Kifungu cha 35 cha Katiba. Mwananchi yeyote anaweza kuandika ombi kwa ofisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, wala halazimiki kueleza anaitakia nini habari hiyo. Afisa ana siku 21 za kujibu; ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, saa 48. Akikataa au akinyamaza, kuna tume ya kumlalamikia. Sheria hiyo ilifika wakati magoti ya mzee yamekwisha kuchoka, naye aliisoma kwa masikitiko ya mtu aliyetumia miaka akiomba kadi za stoo kwa upole, kofia mkononi, kumbe ingekuwa haki yake kuzidai. Aliandika maombi kadhaa kwa mkono wake, kwa Kiswahili safi. Baadhi yalijibiwa, na yasiyojibiwa aliyafuata mwenyewe Kericho siku ya 22.

Maombi ya namna hiyo hayaandikwi tena upande wetu. Zahanati hupitisha msimu bila dawa za watoto, wazazi huambiwa wavumilie, mwakilishi wadi huahidi kwenye matanga, na karatasi ya kuuliza lori lilikuja lini na lilibeba nini haiandikwi na mtu yeyote, kwa sababu aliyezoea kuiandika hana tena gazeti la kumlipa nauli ya kwenda mjini na kurudi, na wale vijana wanaopita Kiptere na kamera za kaunti hawajawahi kuambiwa kwamba kuuliza hivyo ni sehemu ya kazi.